Mdogo wangu, usipige tiki kitu hujakiona

Mdogo wangu,

Voisi yako ya juzi usiku nimeisikiliza mara tatu, ya mwisho nikiwa kwenye daladala narudi Mbagala, na nikajikuta nafuta machozi maana ile sauti ilikuwa ya mtu aliyechoka kweli. Umedondosha pepa ya ukaguzi kwenye mitihani ya bodi ya wahasibu, kazi ileile unayoifanya Jumatatu mpaka Jumamosi, alafu unasema unataka kuacha kazi ukakae kwa shangazi usome mpaka Novemba. Na kabla hujamaliza ukataja kitu kingine kama cha kupita tu, kwamba kiongozi wa timu yenu alikwambia zile vochi 40 zilizobaki, karatasi za malipo ya mteja ulizotakiwa kuzikagua moja moja, "piga tiki tuondoke, huyu mteja tunamjua", na we ukapiga.

Hapo ndo nilishtuka. Pepa inarudiwa. Hizo vochi 40 ndo zimenifanya nikuandikie hapa hadharani badala ya kukupigia, maana najua hauko peke yako kwenye hizi ofisi.

Sijawahi kukusimulia mwaka wangu wa kwanza kwenye ukaguzi. Tarehe 31 Desemba watu wote wanajiandaa kwenda kusali mkesha, mi nimepelekwa kuhesabu mzigo kwenye stoo moja ya mfanyabiashara wa jumla, mafuta ya kula yamepangwa kwenye katoni kama ukuta. Nikahesabu mbele katoni 12, ubavuni 8, kwenda juu 6, nikapiga kikokotoo nikapata 576 nikaandika kwenye karatasi na mtunza stoo akasaini haraka haraka. Nilikuwa nimeshafunga begi. Sasa kulikuwa na kijana mmoja mpakuaji, amekaa kwenye magunia anakunywa maji, akasema taratibu bila hata kunitazama, "dada, panda juu uangalie". Nikavua viatu nikapanda. Katikati kulikuwa na shimo la upana wa katoni 6 kwa 4, tupu mpaka chini kwenye sakafu. Katoni 144 hazipo. Wakati ule katoni moja ilikuwa kama shilingi 60,000, piga mwenyewe, ni zaidi ya milioni 8 na laki 6 ambazo nilikuwa nimeshazitolea ushahidi kwamba nimeziona kwa macho yangu.

Mpaka leo nikisikia harufu ya stoo ya mafuta nakumbuka ile sakafu.

Na hili la kwenda stoo lina sababu yake. Mwaka 1938 kule Marekani kampuni ya McKesson & Robbins iligundulika kwamba kati ya mali za dola milioni 87 zilizoandikwa kwenye hesabu zake, kama milioni 19 hazikuwepo kabisa, mzigo wa kwenye makaratasi na wadaiwa wa kwenye makaratasi, na wakaguzi walikuwa wanapita kila mwaka wanaangalia nyaraka zinakubaliana basi wanasaini. Baada ya hapo ndo ikawa lazima mkaguzi aende mwenyewe kuona mzigo ukihesabiwa na awaandikie wadaiwa moja kwa moja. Ile ISA 501 na ISA 505, viwango vya kimataifa vya ukaguzi unavyokariri usiku, zimetokea huko, kwa watu walioumia.

Sasa turudi kwenye vochi zako. Najua kiongozi wako atakwambia viwango vyenyewe ni vidogo, haviathiri hesabu, viko chini ya materialiti, ile kiwango ambacho kosa likikizidi linaweza kumpotosha msomaji wa hesabu. Inawezekana ni kweli kabisa. Lakini materialiti inakuruhusu usiichague ile vochi, haikuruhusu kusema umeiangalia wakati hujaiangalia. Hivo ni vitu viwili tofauti mdogo wangu, na herufi za jina lako ndo ziko pembeni ya ile tiki, za kwake hazipo. Rudi kwa mhasibu wa mteja, muombe lile boksi faili kwa adabu, kaa chini uzipitie. Vochi 40 ni asubuhi moja tu. Ambayo haipo andika haijaonekana. Kiongozi wako mwambie mkiwa wawili, usimuaibishe mbele ya timu, mwambie tu "kaka, zile za mwisho sikuziona, naomba nizimalizie". Akikataa, futa tiki zako uandike ulichokiona basi, alafu nenda kwa bosi anayesaini ripoti.

Na ukizifungua zisome sasa. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, imeandikwa jina la nani, la kampuni au la mtu binafsi? Tarehe ni ya mwaka huu wa hesabu au ya mwaka mpya? Nani aliidhinisha, na ni huyohuyo aliyechukua hela? Mi nilishakuta jenereta zima limeingizwa kwenye gharama za matengenezo badala ya mali ya kampuni, faida ikashuka na kodi ikashuka nayo, na nilivyoliona lile kwa macho sikuhitaji tena kukariri IAS 16, kile kiwango cha mali za kudumu, ilinikaa yenyewe.

Maana kwa mawazo yangu pepa yako ilidondokea hapohapo. Umenisomea swali moja kwenye voisi, na jibu lako lilikuwa "nitaangalia vochi". Mtahini anataka kujua unaanzia wapi unaelekea wapi. Ukitoka kwenye leja, yaani kitabu cha hesabu, ukaenda kutafuta vochi, unauliza je, haya yaliyoandikwa yalitokea kweli. Ukianzia kwenye deliveri noti, ile karatasi inayosindikiza mzigo, ukaenda kutafuta kwenye leja, unauliza je, kuna kilichotokea ambacho hakikuandikwa. Karatasi ni zilezile, maswali ni mawili, na alama ziko kwenye hiyo tofauti. Mtu anayepiga tiki ili aondoke hawezi kuiona tofauti hii hata afanye kazi miaka 5, na mtu anayekariri majibu ya pasti pepa kwa shangazi nae hataiona. Nakuomba usiache kazi. Bodi ya wahasibu yenyewe itakudai uzoefu kabla ya kukusajili, na pale mezani kwako kuna mtihani uliofunguliwa kila siku.

Muda ndo tatizo la kweli, hilo sikubishii. Wateja wenu wengi wanafunga mwaka Desemba na ritani ya mwisho ya kodi kwa TRA inatakiwa ndani ya miezi 6, kwahiyo kuanzia Januari mpaka Juni mnakimbizana, na mtihani wa Mei unakukuta katikati ya moto. Mi nilikuwa Mei nafanya pepa moja au mbili nyepesi, zile nzito naziacha Novemba. Na nilikuwa natoka nyumbani saa 11 alfajiri kabla ya foleni, nafika ofisini namkuta mlinzi tu, nasoma mpaka saa 2 kasoro. Jioni sikuwa nasoma, jioni kichwa kimeshakufa, nakula nalala.

Likizo ya mtihani iombe kwa maandishi mapema, miezi miwili kabla, usisubiri wiki ya mwisho ambapo kila mtu anaomba.

Jumapili nakuja kwa shangazi baada ya ibada. Mwambie asipike sana. We niletee daftari lako la ukaguzi na lile swali, uniambie vochi 40 zilikuwa na nini ndani.

Dada yako.