Kabla hajaifungua tena kabureta

Morogoro, Jumapili

Ndugu yangu,

Salaam nyingi kwako, kwa shemeji na watoto. Barua yako nimeisoma na kuirudia. Ulipofika pale pa kusema fundi anataka kuifungua tena kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini, nikaona nisingoje, nikuandikie leo hii. Mwambie aiache kwanza. Gari la kabureta likianza kulipua, kila mtu anaikimbilia kabureta kwa sababu ndiyo yenye skrubu za kuzungusha. Mara nyingi ubovu uko kwenye umeme, au kuna hewa inapenya pasipotakiwa.

Umenieleza mambo mawili kwa pamoja, nami nitayatenganisha. Ukipanda kutoka Mombo kuja kwako Lushoto na kukanyaga mafuta, gari lako la TownAce, ambalo injini yake iko chini ya kiti, linalipua hapo chini ya kiti. Ukishuka na kuachia mafuta, linapiga pa-pa-pa kule nyuma. Hapo kuna matatizo mawili, na huenda kila moja lina chanzo chake.

Mlio wa chini ya kiti ni moto unaorudi kupitia kabureta. Petroli ikiwa kidogo na hewa nyingi, mchanganyiko huungua polepole. Valvu ya kuingizia inapofunguka tena, moto haujafa bado, unarukia juu. Au cheche imekwenda kwenye silinda ambayo si zamu yake. Mlio wa nyuma ni petroli ambayo haikuungua: imefika kwenye ekzosi yenye joto, ikakutana na hewa, ikawaka humo humo.

Wanaokwambia kwamba ni mlima ndio unaoikosesha petroli, usiwasikilize. Lushoto iko kama mita 1,400 juu ya bahari, na hewa ya huko ni nyepesi. Kabureta iliyopimwa Tanga mjini, ikifika kwako, petroli ndiyo inayozidi. Kwa hiyo ikiwa injini yako inakosa petroli mlimani, basi petroli haifiki, au kuna hewa ya wizi, yaani ile inayopenya pasipotakiwa.

Anza na umeme, tena usiku. Inua kiti, washa injini, zima taa zote, mtu akanyage mafuta kidogo kidogo wewe ukiangalia waya zinazopeleka umeme kwenye plagi za cheche, bila kuzigusa. Waya iliyochoka utaiona inarusha vicheche vya bluu kwenda kwenye chuma au kwenye waya ya jirani. Asubuhi injini ikiwa imepoa, fungua kifuniko cha distributa, kifaa kinachogawa umeme kwa kila plagi kwa zamu, kifute, ukitazame kwa ndani kwenye mwanga mzuri. Tafuta ufa, au mstari mweusi mwembamba kama wa penseli unaotoka kituo kimoja kwenda kingine. Huo mstari ni njia ya umeme, na injini ikibeba mzigo mlimani cheche inapenda kupita hapo kuliko kuruka kwenye plagi. Ukiuona, usikwangue, nunua kifuniko kipya na rota yake, kile kipande kinachozunguka ndani.

Halafu hesabu waya. Injini yako ni 5K ya Toyota, na silinda za injini za aina ya K huwaka kwa zamu ya 1-2-4-3. Mafundi wengi wamezoea 1-3-4-2 ya injini nyingine, na mkono unakwenda wenyewe. Waya ya 2 na ya 3 zikibadilishana, gari linabaki na silinda mbili, linatetemeka na kulipua kwenye kabureta. Kwa kuwa lako linakwenda vizuri tambarare, sidhani ndiyo hiyo, lakini kuangalia hakugharimu kitu. Kama distributa yako bado ni ya pointi, vile vidole vya chuma vinavyofunga na kukata umeme, nafasi kati yake iwe milimita 0.45, na zikiwa zimeungua zibadilishe pamoja na kondensa.

Umeme ukiwa safi, njoo kwenye petroli. Kabureta yako ina kidirisha cha kioo ubavuni chenye alama ya usawa wa mafuta. Panda hadi lianze kulipua, tafuta mahali tambarare pale Soni njiani, zima papo hapo, inua kiti, mulika kile kioo kwa tochi. Petroli ikiwa chini ya alama, kabureta haina kosa: ina njaa. Fungua mfuniko wa tangi usikie kama unavuta hewa kwa nguvu, badilisha filta, kisha upime pampu. Petroli ikiwa kwenye alama, tafuta hewa ya wizi: mpira wa vakuumu (mvuto wa hewa wa injini) unaokwenda kwenye breki, mpira mdogo wa distributa, na gasketi zilizo chini ya kabureta. Injini ikiwa inaunguruma taratibu, dondoshea maji kwa sindano kwenye kila kiungo. Mlio ukibadilika, umepapata.

Ule wa nyuma, mteremkoni, anzia kwenye ekzosi yenyewe. Gasketi ya manifoldi, pale ekzosi inapoungana na injini, ikivuja, hewa inavutwa ndani na kuwasha mabaki. Utaona masizi meusi kwenye kiungo. Na tafadhali, dereva wako asizime switchi akiwa kwenye mteremko na kuiwasha tena ili kubana mafuta. Petroli inaendelea kuvutwa bila cheche, inajaa kwenye ekzosi, na siku moja itapasua bomba lote.

Jambo moja linanikosesha raha. Usimruhusu mtu kumimina petroli ya chupa kwenye mdomo wa kabureta huku mwingine anapiga starta. Injini inayorudisha moto, iliyo chini ya kiti, na chupa mkononi: nimeona mtu aliyeungua uso kwa namna hiyo. Kifuniko cha chujio la hewa kirudi mahali pake kabla ya kuwasha, na kizima moto kiwe ndani ya gari.

Mlio mmoja mmoja asubuhi za Julai, injini ikiwa ya baridi na choki haijavutwa, usikutishe.

Plagi ukizitoa zipange kwa namba zake, uniandikie rangi ya kila moja: nyeupe, kahawia au nyeusi. Nyeupe zote nne ni habari tofauti kabisa na nyeupe moja. Nikishajua hilo, na ulichokiona kwenye kioo pale Soni, nitakwambia kama inafaa nije mwenyewe.

Nduguyo,
wa Morogoro