Kizimba cha Kijivu

Mpendwa Zuhura,

Za Kinondoni? Huku sote wazima. Ujumbe wako nimeupata: mnahamia Dodoma mwisho wa mwezi, paka wenu Kijivu anakwenda nanyi, na shemeji anasema tenga la kuku litatosha kumbebea. Mwambie halitoshi. Fito za tenga huachana zikisukumwa, na paka akishapitisha kichwa, mwili wote unafuata, kwa sababu mtulinga wake ni kijifupa kidogo kisichoshikana na mifupa mingine. Kiroba ndiyo kabisa usikitaje, maana ndani ni joto na hewa haba. Na boksi la katoni likilowa mkojo huachia kitako, mara nyingi wakati umeshalinyanyua.

Tafuteni kizimba cha plastiki ngumu, chenye nusu mbili za kufungana na mlango wa nondo nyembamba za chuma. Kikiwa na mlango mwingine juu, bora zaidi. Mpime Kijivu kwa futi ya fundi cherehani: pua hadi shina la mkia, uongeze sentimita 10, kisha sakafuni hadi ncha za masikio akiwa amesimama. Paka wa kilo 4 hivi hutoshea kwenye urefu wa sentimita 48 hadi 50, upana na kimo cha 30 na kitu. Asimame, ageuke, ajikunje alale. Usivutwe na kikubwa ukidhani unamhurumia, maana breki ikikanyagwa atateleza kote na kujigonga.

Dukani achana na rangi, kagua maungio. Mpini umeshikwa na nusu ya juu tu, kwa hiyo uzito wote wa paka unaning'inia kwenye vibano vinavyoishika nusu ya chini. Vibano vya plastiki vikikaa juani miezi kadhaa dukani huwa vikavu na kukatika bila kukuonya. Chagua chenye skrubu na nati. Tia mfuko wa unga wa kilo 5 ndani, kinyanyue, kitikise. Funga mlango, uusukume kwa ndani kwenye pembe zote nne. Pini zake ziingie tunduni juu na chini, zisiguseguse tu pembeni. Siku ya safari ongeza zile kamba za plastiki wanazobania nyaya mafundi umeme, moja kila pembe, na mkasi uwe karibu. Mabegi ya kitambaa ni mepesi, lakini paka hufungua zipu kwa ukucha. Ukiwa huna jinsi, bana vichwa vya zipu pamoja kwa pini ya usalama.

Sasa kikalishe sebuleni leo hii, usingoje wiki ya mwisho. Kijivu akikiona siku ya kuondoka tu, kwake kitakuwa mtego. Kiwe chumba chake kwanza, gari baadaye. Ng'oa mlango, tandika khanga ambayo hujaifua, weka dagaa wachache mlangoni, kesho hatua moja ndani, hadi ale akiwa amefika mwisho kabisa. Akianza kulala humo mwenyewe, rudisha mlango na umfungie sekunde 10, halafu dakika moja, halafu tano. Kisha mnyanyue ukikishika kizimba kwa chini, kifuani kwako, wala si kwa mpini kikipepesuka. Baadaye mketi naye garini injini ikiwa imezimwa, na siku nyingine mzunguke mtaa. Akigoma hatua fulani, rudi nyuma moja. Wiki tatu si nyingi.

Muone daktari wa mifugo mapema kwa chanjo ya kichaa cha mbwa (ya kwanza huhesabiwa kushika baada ya siku 21), na muulize kuhusu cheti na kibali cha kumsafirisha. Kama Kijivu ni wa kulia njia nzima, mwambie. Dawa iitwayo gabapentini huwatuliza wengi, hutolewa saa 2 hadi 3 kabla ya kuondoka, na mmjaribishe siku moja nyumbani kwanza. Kipimo apange yeye. Nyinyi msimpe kitu kutoka kabati la dawa za watu: panadoli humuua paka. Na msipulizie kizimba dawa ya mbu au ya kupe wa mbwa, kwa kuwa permethrini, kiua wadudu kilichomo kwenye nyingi, ni sumu kwake.

Siku yenyewe ondokeni saa 11 alfajiri, mvuke Chalinze jua halijawa kali. Ni kilomita 450 hivi. Chakula kidogo usiku, asubuhi asile, ili asitapike. Maji anywe hadi mtakapotoka. Chini tandaza pampasi iliyopasuliwa, juu yake taulo, na pampasi nyingine ya akiba. Akikataa kuingia, msimsukume kichwa. Simamisha kizimba mlango ukitazama juu, umshushe kwa miguu ya nyuma.

Kikae sakafuni nyuma ya kiti cha abiria wa mbele, kimebanwa kisisogee. Si kwenye buti, si mapajani, na mkanda wa gari ukivutwa juu ya plastiki huweza kuivunja wakati wa ajali. Funika pande tatu kwa khanga nyepesi, uache mbele wazi. Miziki mpunguze. Kulia kwa nusu saa ya kwanza ni kawaida. Kuhema mdomo wazi kama mbwa si kawaida, ni joto limemzidi. Simameni kivulini, washeni kiyoyozi, mlowesheni nyayo na masikio kwa kitambaa chenye maji ya kawaida, si ya barafu, kisha mtafute daktari. Mkisimama Morogoro au Gairo msifungue kizimba hata kidogo, vioo vikiwa wazi au vimefungwa. Paka aliyeshtuka haitiki jina lake.

Mkifika, chumba kimoja kwanza: mlango umefungwa, trei ya mchanga pembe hii, chakula na maji pembe ile, na kizimba wazi katikati, maana ndicho kitu pekee humo chenye harufu ya Kinondoni. Siku chache ndipo mumwachie nyumba nzima, na nje asitoke kabla ya wiki tatu. Ajifiche tu, msimvute. Ila asipokojoa siku nzima, au asipokula siku mbili, msisubiri, mpelekeni kwa daktari. Dume asiyekojoa hasa ni dharura.

Ukikipata kizimba nipigie picha ya komeo na vibano kabla hujalipa.

Nisalimie shemeji na watoto,
Mwanaidi