Shukrani kwa dada wa skafu nyekundu

Dada, jina lako sikuuliza, na hilo linaniuma hadi leo. Nilikuwa na siku moja tu mjini Köln, Ujerumani, nikisubiri treni ya usiku, na lile kanisa kuu liko pale pale ukitoka stesheni. Lilianza kujengwa 1248, likakamilika 1880. Nikajiambia, ngazi 533 za mnara ni kitu gani? Kumbe zimejipinda kama konokono, nyembamba, na wanaoshuka wanapishana humo humo na wanaopanda. Katikati magoti yakagoma. Jasho, moyo mbio, walio nyuma wananisukuma kwa macho.

Wewe ulikuwa unashuka zako. Ukajibana ukutani, ukawaashiria wangoje, ukanishikisha mkanda wa mkoba wako, ukageuka kupanda tena nami! Kijerumani changu ni “danke” tu, lakini ile peremende uliyonifungulia niliielewa vizuri. Tulipofika kwenye kengele kubwa ya tani 24, nikageuka kutafuta simu nipige picha. Kuinua macho, umeshateremka.

Asante sana, dada. Na ule mkanda niliukamata hadi ukakunjika, niwie radhi.