Fomu ya kodi imekuja kwa jina langu, pesa nyingine ni za wifi, na wifi hataki kusikia

Shikamoo shangazi, na wadau wote habari zenu. Barua ni ndefu naomba mnivumilie, nimeandika nikafuta mara tatu maana mambo yenyewe ni ya ndani ya familia, ila leo nimesema acha nimwage tu yote.

Niko Ohio huku Marekani, mama wa watoto wawili, nauza khanga, vitenge na magauni ya kushona kwenye mtandao. Wateja wanalipa kwa kadi, kampuni ya malipo inakata chake, asilimia 2.9 na senti 30 kwa kila malipo, zilizobaki zinaingia benki baada ya siku mbili. Biashara ni ya kwangu mwenyewe, sijafungua kampuni, kwahiyo kule kwenye akaunti ya malipo nilijaza jina langu na namba yangu ya Social Security, ile namba ya serikali inayomtambulisha mtu hadi kwenye kodi. Hiyo namba ishikeni, ndo kiini cha matatizo yote.

Sasa wifi yangu, mdogo wake mume wangu, anauza mawigi na nywele za kusukia. Alikuwa na akaunti yake kabisa. Mwishoni mwa 2024 akaja analia eti kampuni ya malipo inamwibia, akiuza dola 100 anaona 76. Kumbe alivyoolewa alibadili jina kwenye vitu vyake vyote isipokuwa kule Social Security, kwahiyo jina na namba vikawa havilingani, na kampuni ikishaambiwa na IRS, wale watu wa kodi wa serikali kuu ya Marekani, kwamba havilingani na mtu hajarekebisha, sheria inaitaka izuie asilimia 24 ya mauzo na kuipeleka serikalini. Walimtumia barua mbili hakufungua hata moja. Mimi wakati huo sikuyajua haya, nilichoona ni wifi analia sebuleni kwangu na mume wangu ananiangalia. Nikasema isiwe kesi, weka bidhaa zako kwenye duka langu, zikilipwa nakutumia.

Mwaka 2025 wote tukaenda hivyo. Pesa zake nilikuwa namtumia kwa Zelle (ile ya kutumiana pesa benki kwa benki) kila Ijumaa, ila mara nyingine mume wangu akiwa anaenda kwao ananiambia nipe cash nimpelekee, nampa. Sikuandika popote. Nani anamwandikisha mume wake.

Na kama hiyo haitoshi, mwezi wa nane tukapata msiba, mwenzetu wa kwenye jumuiya alifariki na mwili ulitakiwa kurudishwa Tanzania. Watu wakawa wanauliza tunachangia wapi, mimi kwa kiherehere changu nikasema duka langu linapokea kadi, nikaweka kabisa kama bidhaa, "mchango wa msiba", mtu anachagua dola 20, 50 au 100. Pesa zote nilizikabidhi kwa kamati na risiti ninayo. Thawabu naamini nilipata, ila na fomu pia nimepata.

Mwishoni mwa Januari fomu ikaja, inaitwa 1099-K. Kwa ambao hamuijui, hii fomu kampuni ya malipo inaitoa nakala mbili, moja kwako na moja kwa IRS, inasema huyu mtu mwenye namba hii tumempitishia kiasi hiki. Iko kwenye sheria ya 2008 na ilianza kutumika kwa malipo ya 2011. Kwenye kisanduku 1a cha kwangu imeandikwa dola 63,480. Shangazi nilikaa chini. Benki nilikuwa naona imeingia kama 59,200, na za kwangu mimi hazifiki hata 40,000.

Nikadhani wamekosea, nikawapigia, dada wa watu akanielewesha taratibu kwamba namba ile ni ya jumla kabla ya kukatwa chochote. Makato yao hayajatolewa, wateja waliorudisha magauni nikawarudishia pesa (dola 2,115 hizo, vipimo vya watu wa mtandaoni Mungu anisaidie) hazijatolewa, na hela ya kusafirishia mzigo aliyolipa mteja imo ndani. Akasema hayo yote nitayatoa mwenyewe nikiwa nafaili, yaani napeleka hesabu zangu za kodi za mwaka, kwenye Schedule C, karatasi ya mapato na matumizi ya biashara, marejesho yana mstari wake, makato yana mstari wake, bei niliyonunulia vitenge nayo ina sehemu yake. Sawa, hapo nilielewa na roho ikatulia kidogo. Nikamuuliza na zile za wifi? Akasema sisi tunaona akaunti moja na namba moja.

Nikashinda wikiendi nzima nachambua malipo 842 moja moja. Za kwangu 39,260. Za wifi 19,870. Za msiba 4,350. Ukijumlisha inakuja ile ile 63,480 hakuna hata senti iliyopotea, yani fomu haina kosa lolote, kosa ni langu mimi niliyechanganya mapochi.

Nikampigia wifi kwa heshima zote, nikamwambia mdogo wangu hizi 19,870 ni mauzo yako, inabidi ziende kwako. Akacheka. Akaniambia wifi hujui kwamba mwaka jana sheria imebadilika? Kama hujapita dola 20,000 na malipo 200 hudaiwi, na mimi nimeishia 19,870.

Hapa kidogo nieleze maana huu uvumi umezagaa sana kwenye magrupu yetu. Ni kweli 2021 walipitisha sheria ya kushusha kiwango hadi dola 600, IRS wakawa wanaahirisha mwaka hadi mwaka, mwisho Julai 2025 sheria mpya ikarudisha kile cha zamani cha zaidi ya dola 20,000 na zaidi ya malipo 200. Ila hicho ni kiwango cha kutoa fomu, sio kiwango cha kudaiwa kodi! Na kinahusu zile app na masoko ya mtandaoni yanayosimama katikati ya muuzaji na mnunuzi, malipo ya kadi ya moja kwa moja hayajawahi kuwa na kima cha chini. Mtu uliyejiajiri ukibakiwa na faida ya dola 400 tu kwa mwaka unatakiwa kufaili, fomu ije isije. Nilimwambia yote haya. Akanijibu "wewe umeanza kuwa IRS".

Tatizo lake kubwa mimi nalijua. Alishafaili mwanzoni mwa Februari kwa mshahara wake wa kazini tu, refandi (pesa ya kodi anayorudishiwa mwenye watoto) ikaja, na hela yote ameshaweka kwenye gari. Nikimtaja sasa itabidi afanye marekebisho, ile 1040-X, na pengine arudishe kidogo. Na nimempigia hesabu jamani sio nyingi! Nywele alinunua kwa kama 11,000, toa na makato ya kadi, faida ni dola elfu nane na kitu, kodi ya kujiajiri ya asilimia 15.3 inakuja kama dola 1,200 hivi. Ila zikibaki kwangu, risiti za nywele ziko kwenye simu yake na hataki kunipa, kwahiyo mimi naonekana nimepata 19,870 yote faida tupu, ni zaidi ya dola 4,000 za serikali kuu peke yake, na hapo bado kodi ya mji maana huku Ohio hata mji una mkono wake.

Kinachoniuma zaidi, zile asilimia 24 walizomzuia 2024 hazikuibiwa. Zinaandikwa kwenye kisanduku cha 4 cha 1099-K yake ya mwaka ule, ukifaili unazidai kama kodi uliyokwishalipa. Fomu ile alitupa. Angeifungua bahasha tu, akanyoosha jina lake pale Social Security, wala asingehitaji akaunti yangu.

Nimeenda kwa watu wawili wa kodi. Wa kwanza, mtu wa kwetu, anafanyia nyumbani, akaniambia mama andika 39,000 zako uendelee na maisha, hawa hawaangalii watu wadogo. Nikamuuliza si wana nakala? Akasema watakuandikia ukijibu yanaisha. Sasa mimi najua mtu alishaandikiwa hiyo barua, CP2000, kompyuta yao inalinganisha fomu na ulichofaili, wanakuletea hesabu ya kodi na riba na siku 30 za kujibu. Yule jamaa jina lake hata haliweki kwenye ritani (fomu za kodi) anazojaza, nikaona huyu ananipeleka porini aniache huko.

Wa pili ni mama wa kizungu ana ofisi. Yeye kasema nioneshe 63,480 yote juu ili ilingane na ya IRS, halafu za msiba nizitoe kwa maelezo na risiti ya kamati kwa sababu mchango sio mapato, na za wifi nimtolee yeye 1099-K kwa jina lake na namba yake, kwamba mimi nilikuwa mpokeaji tu. Akataka ushahidi wa kila dola niliyompa. Zelle ninayo, dola 14,600. Zile nyingine kama 4,600 zilipita mkononi mwa mume wangu, kwahiyo shahidi wangu pekee ni kaka yake mlalamikiwa.

Na kaka mwenyewe kasemaje? "Msinitafutie ugomvi na dada yangu, lipa hiyo elfu nne tutaifidia, damu ni damu." Nikamuuliza nani ataifidia, akawasha tv. Halafu tunafaili pamoja mimi na yeye, saini yake iko pale chini na yangu, wakija kudai wanatudai wote wawili na wanaweza kumbana yeyote kwa deni lote. Nilipomwambia basi tufaili kila mtu kivyake mwaka huu, alinuna siku nne, anasema nimeanza kugawa nyumba.

Mama mkwe naye kashapigiwa huko nyumbani. Sijui ameambiwa nini ila jana kanitumia voisi ya dakika sita kuhusu mawifi wanaopendana, neno kodi halimo hata mara moja.

Akaunti nimeshafunga kwa mtu yeyote asiye mimi, bidhaa zake nimezitoa dukani tarehe 1 Januari na kwa wakwe hilo nalo ni kosa langu la pili kwenye kesi hii. Mwisho wa kufaili ni Aprili 15. Naweza kuomba nyongeza mpaka Oktoba lakini nyongeza ni ya makaratasi tu, kodi yenyewe inatakiwa iwe imelipwa Aprili ile ile.

Ninachotaka kuwauliza wenye uzoefu ni hivi. Kuna mtu alishamtolea ndugu fomu bila ridhaa yake na undugu ukabaki? Maana jina na namba yake ninazo, aliniachia mwenyewe siku tunajaribu kumrekebishia akaunti, ila kuzitumia naona kama nachungulia begi la mtu. Au nilipe mimi, nimwandikishe karatasi kwamba namdai shukrani na dola elfu nne? Na zile cash, mume wangu akiniandikia barua kwamba alizipeleka, IRS wanapokea maneno ya mume?

Shangazi nijibu mapema tafadhali. Pasaka mwaka huu ni Aprili 5 na wifi anakuja kula kwetu na watoto wake, pilau napika mimi, na yule mama wa ofisini anataka jibu Jumatatu yake asubuhi.

Mimi mwenye fomu, Ohio