Mche wa saba uko njiani

Mwanangu,

Marahaba. Huku Mbagala hatujambo. Masika yameanza na mtaro wa nyuma umeshafurika mara mbili. Picha ya miche yako sita ya mikwaju nimeiona, nikaona umeisimamisha kwenye trei kwa mstari, nafasi sawa kwa sawa. Usiipande bado, baba. Na mimi nilianza hivyo hivyo, nikapata uzio, si msitu.

Wajapani huuita ufundi huu yose-ue, aina ya bonsai: kupanda miti mingi iliyodumazwa pamoja katika chombo kimoja, ionekane kama msitu. Hupenda idadi witiri: 3, 5, 7, 9. Miti ikiwa sita jicho linaigawa tatu kwa tatu, na msitu unakatika katikati. Ikishazidi kumi na kitu, hakuna tena anayehesabu.

Chukua beseni, lijaze mchanga, chora humo ukubwa wa trei yako, kisha uchomeke vijiti vya urefu tofauti na ujaribu navyo kwanza. Mimi nilijaribu jioni tatu mfululizo kabla sijagusa mche. Kijiti kirefu na kinene kuliko vyote ndiyo mama wa msitu. Usimweke katikati, msogeze upande mmoja, kama theluthi ya trei. Wa pili kwa ukubwa akae karibu naye. Wengine wafuate kwa kupungua, na wale wembamba kabisa uwapeleke pembeni na nyuma, ili mtazamaji aone kama msitu unaendelea mbali. Halafu inama utazame kwa mbele: shina lolote lisifichwe na jingine. Simama utazame kwa juu: mashina matatu yasikae kwenye mstari mmoja. Ukisogeza kimoja, kingine kinaharibika. Vumilia, hapo ndipo kazi yote ilipo.

Umeniuliza kuhusu matawi. Hapo Morogoro una bahati, Uluguru iko mbele ya macho yako. Jumamosi moja panda hadi ukingo wa msitu uangalie. Miti ya ndani haina matawi ya chini, kivuli kimeyaua. Ya ukingoni imeinamia nje kufuata mwanga. Fanya vivyo hivyo: kata matawi yanayoelekea katikati, acha yanayotoka nje, na miche ya pembeni uilaze kidogo tu.

Mkwaju una mzizi mkuu unaoshuka wima, na trei haina kina. Ukate, lakini uache mizizi midogo ya pembeni iwe mingi. Ziba matundu ya trei kwa kipande cha wavu, pitisha waya kutoka chini na uifunge mizizi isicheze, maana mti unaotikisika haushiki udongo. Changanya mchanga mnene wa mto, kokoto ndogo ulizochekecha na mboji kidogo. Mchanga wa pwani hapana, una chumvi. Shindilia udongo kati ya mizizi kwa kijiti, usiache mapengo ya hewa, na katikati uwe na kilima kidogo. Baada ya hapo weka kivulini majuma mawili au matatu.

Maji usiyafanyie mzaha. Mwaka juzi wakati wa kaskazi nilikwenda msibani Kisarawe siku mbili, nikaacha msitu wangu juani. Nilipanda saba, nikarudi nikakuta miwili imekauka. Nililia, mwanangu, sitakuficha. Nilipoing'oa ile mikavu, pengo likabaki kati ya mama wa msitu na kikundi cha kushoto. Nikaliacha nikiwa sina moyo wa kufanya lolote. Mvua ziliponyesha ukoga wa kijani ukaota pale, na sasa kila anayekuja barazani anauliza hiyo njia inaelekea wapi. Kwa hiyo wewe acha pengo makusudi, usisubiri kufiwa.

Yuko Mmarekani mwenye asili ya Kijapani, John Naka, ambaye msitu wake uitwao Goshin uko kwenye bustani ya taifa ya miti, Washington. Alianza mwaka 1948 na miti 2 tu ya junipa. Leo imo 11, mmoja kwa kila mjukuu wake. Mimi nikiitazama mikwaju yangu jioni, majani yakianza kujikunja kwa ajili ya usiku, huwa nawataja wanangu mmoja mmoja.

Sasa huo wa saba. Ninao hapa mkwaju mwembamba, umepinda shingo, matawi yote upande mmoja. Nilikuwa nimeshindwa pa kuuweka, kwa sababu peke yake kwenye chungu hauna sura. Lakini nimeitazama tena picha yako: upande wa kulia wa trei, nyuma kidogo, matawi yakitazama nje, pale ndipo pake. Nimeufunga mizizi kwa gunia bichi, pamoja na waya wa shaba aliouacha baba yako. Nitaukabidhi basi la asubuhi Mbezi siku ya Ijumaa. Uwahi kituoni, mche usikae juani.

Mama yako