Shukrani kwa dada wa maua ya mpungate
Dada uliyekuja darasani kwetu na ndoo ya maua ya mpungate, jina lako sikulipata, ila nakushukuru kwa moyo wote. Uliving'oa vimiiba kwanza, kimoja kimoja kwa kibanio, ili vidole vya watoto visichomwe. Ukawaambia waguse stameni, zile nyuzi nyembamba zenye chavua, kwa kijiti: zikajikunja taratibu kuelekea katikati, na darasa zima likapiga kelele! Kisha ukapasua ovari, kile kifuko cha mbegu kilichojificha chini ya petali, wakaona ovuli nyeupe, zile zinazokuja kuwa mbegu, zimesongamana kama shanga. Nimechora ua ubaoni miaka mingi, sijawahi kuulizwa maswali kama siku ile. Binti mmoja bado ametunza petali yake ndani ya daftari. Mungu akubariki sana, dada yangu.