Shukrani kwa mzee wa baiskeli, Kihonda

Mzee wangu, shikamoo. Mimi ni yule mwalimu wa uashi uliyemkuta Alhamisi iliyopita pale Kihonda, Morogoro, nimesimama na vijana 12 mbele ya msingi. Pima maji pekee tuliyokuwa nayo, kile kifaa cha kupimia usawa, ilikuwa imeanguka kwenye zege, kioo chake kimepasuka. Nilishaanza kuwaambia wafungashe vifaa.

Ukaegesha baiskeli, ukauliza, "Mpira mnao?" Ukaujaza maji ule mpira mweupe unaoonyesha ndani, ukaugongagonga kwa kidole mpaka mapovu yote yakatoka, ukisema hewa ikibaki humo, maji yanakudanganya. Tukalinganisha usawa wa maji kwenye ncha zake mbili, moja kila kona: kumbe kona mbili za msingi zilikuwa zimepishana kimo kwa sentimita 3. Niliyezipima asubuhi ni mimi (aibu hiyo nimeikubali mbele ya wanafunzi). Njia hiyo naifundisha ubaoni kila mwaka, ila hilo la mapovu sikuwahi kulikazia.

Soda ulikataa, jina hukuacha. Lakini timazi lako la kupimia wima wa ukuta umelisahau juu ya rundo la matofali, lile lenye kamba ya bluu. Nimelitundika stoo. Ukipita tena, ulizia darasa la uashi. Asante sana, baba.